Kidole cha Daktari na Vidole Vyetu vya Simu: Mjadala wa Ihanda

Hoja iliyo mezani ni hii: mizaha ya simuni kuhusu tezi dume, na hasa kuhusu kidole cha daktari, inawaua wanaume wetu.

Nimeiweka hoja hii Ihanda, Wilaya ya Karagwe, mahali ambapo kichekesho kinafika kwa sekunde moja, lakini mgonjwa anayepewa rufaa ya kanda ana safari ndefu, maana hospitali ya Bugando iko Mwanza, ng'ambo ya ziwa. Wasemaji wanne ni wa kubuni. Maneno yao si mageni: yanasemwa vijiweni, kwenye mikeka ya kuanikia kahawa na katika misiba, watu wakishateremsha sauti. Mwalimu amestaafu na ameshavuka miaka 60. Kijana ana bodaboda, abiria wake wengi ni wa Kayanga na Omurushaka. Sista ni muuguzi. Mama analima kahawa na migomba, na mume wake anaishi na mpira wa mkojo.

MWALIMU: Mimi naiunga mkono hoja. Wiki haipiti bila simu yangu kuletewa kichekesho kilekile kikiwa kimebadilishiwa nguo. Mzee anaambiwa avue, ainame. Daktari anavaa glavu. Kisha unakuja ule wa mgonjwa anayegundua kwamba mikono yote miwili ya daktari iko mabegani mwake. Chini yake emoji za kulia kwa kicheko, mstari mzima. Sasa mimi, kwa umri huu, kesho niende hospitali ya Nyakahanga kupima? Getini nitakutana na niliowafundisha darasa la nne. Wakiniuliza nimefuata nini, nitasema presha. Ndivyo tunavyosema sote. Ukituamini, Karagwe nzima haina ugonjwa mwingine wa wazee isipokuwa presha.

KIJANA: Shikamoo, Mwalimu, na uniwie radhi. Vile vichekesho vingine nimevituma mimi, sikatai. Lakini nina swali. Kabla ya simu hizi, wazee walikuwa wanakwenda kupima? Babu yangu alikufa mkojo umeziba. Nyumbani walisema amefungwa na jirani waliyegombania naye mpaka wa shamba. Kundi la WhatsApp halikuwepo, wala mzaha. Kulikuwa na kimya, na mganga aliyekuja kula mbuzi. Mimi neno tezi dume nimelijulia kwenye hivyo vichekesho mnavyovilaani.

MWALIMU: Marahaba, mwanangu. Lakini umejua jina tu. Nikikuuliza tezi dume ni nini utasema ni ugonjwa wa wazee. Tezi dume ni kiungo. Unacho wewe mwenyewe sasa hivi, hapo ulipokalia pikipiki.

Kijana alicheka, na nikiri kwamba hata mimi niliyempa Mwalimu maneno hayo nilicheka. Ila baada ya kicheko hicho mtu amejua jambo ambalo hakulijua dakika moja kabla, na vichekesho vingi vinavyopita simuni havimwachii kitu. Tumpe nafasi Sista.

SISTA: Waitu, nitasema kama ninavyomwambia mgonjwa, bila kuficha. Tezi dume inakaa chini ya kibofu cha mkojo, na mrija wa mkojo unapita katikati yake. Kwa kijana ni ndogo, uzito wake kama gramu 20. Umri ukisonga inatanuka. Kwa wanaume walio wengi waliofika miaka 80 imeshatanuka. Inapotanukia katikati inaubana mrija. Ndipo mzee anaamka mara nne usiku, anasimama nje muda mrefu, mkojo unatoka kwa kukatikakatika, na akirudi kitandani anahisi bado. Huko ni kutanuka kwa kawaida. Saratani ni jambo jingine, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Mara nyingi saratani huanzia upande wa nyuma, wa pembeni, mbali na mrija. Kwa hiyo mwanzoni haimbani mtu mkojo wala haimuumi. Anayesubiri dalili anaweza kuja kupata maumivu ya mgongo na nyonga, ugonjwa ukiwa umeshafika kwenye mifupa.

KIJANA: Na kidole?

SISTA: Upande huo wa nyuma umepakana na njia ya haja kubwa. Hakuna sehemu nyingine ya mwili ambayo kupitia kwake mkono wa mtu unaweza kuifikia tezi. Daktari anapapasa: ni laini, au ina kinundu kigumu? Haifiki hata dakika moja. Huo ndio mkasa wote mnaoutungia hadithi ndefu kuliko za sungura na fisi.

MWALIMU: Mimi nasikia siku hizi ni damu tu.

SISTA: Damu ipo, kipimo kinaitwa PSA. Kinapima protini inayotengenezwa na tezi yenyewe. Ikipanda, kuna jambo, ila si lazima iwe saratani. Tezi iliyotanuka inaipandisha, maambukizi ya mkojo yanaipandisha, hata kukutana na mkeo siku moja au mbili kabla ya kutolewa damu. Wataalamu wa Uingereza huwaambia wagonjwa wao kwamba kati ya wanaume wanne ambao PSA yao imepanda, watatu hawakutwi na saratani. Na wapo wenye saratani ambao PSA yao haikupanda. Damu inakwambia uendelee kuchunguzwa, basi. Saratani inathibitishwa kwa kuchukua kinyama na kukiangalia kwa hadubini.

Naingilia hapa, kwa sababu kuna kinaya ambacho vichekesho havikukigundua. Mwaka 2024 shirika la Prostate Cancer UK, linaloshughulikia saratani hii Uingereza, lilitaka madaktari waache kumpima kwa kidole kama jambo la kawaida mwanaume asiye na dalili. Lilitoa sababu mbili: kidole kinakosa saratani nyingi zilizo changa, na hofu ya kidole inawazuia watu kufika. Huko kwao njia ni damu kwanza, kisha picha ya MRI. Kwa hiyo kitu tunachokicheka usiku na mchana kimeanza kuwekwa kando na wenye uwezo wa kukiweka kando.

SISTA: Wenye uwezo, umesema vizuri. Zahanati si mahali pa kukuta PSA. Hiyo ni kazi ya hospitali, na MRI iko mbali zaidi. Kwetu sisi kidole chenye glavu ndicho kifaa ambacho hakihitaji umeme wala kitendanishi kilichokwisha mwezi uliopita. Mnacheka chombo cha maskini.

Kijana hakuwa na jibu la haraka, akarudi kwenye hoja yake ya mwanzo, kwamba mzaha umeleta mazungumzo. Ana ushahidi, tusimnyime. Mwaka 2003, huko Melbourne, Australia, marafiki wawili waliwashawishi wenzao wafuge masharubu mwezi wa Novemba kwa utani mtupu. Mwaka uliofuata utani ukaanza kuchangisha fedha kwa ajili ya saratani ya tezi dume, na leo Movember inajulikana dunia nzima. Walianza kwa kujicheka wenyewe, masharubu yakiwa juu ya midomo yao wenyewe, na hilo litatufaa mbele.

MWALIMU: Hatuhitaji kwenda Australia. Novemba 2014 Ikulu ilitangaza kwamba Rais Jakaya Kikwete amefanyiwa upasuaji wa tezi dume Marekani, katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore. Fikiria uzito wake. Amiri jeshi mkuu, yuko madarakani, na kiungo chake kinatajwa kwenye taarifa ya habari saa mbili usiku, watoto wakisikiliza. Hawakusema presha. Akarudi kazini, akamaliza muda wake mwaka 2015. Sisi wa rika langu tuna Rais Mobutu wa Zaire wa kumlinganisha naye. Agosti 1996 alipasuliwa Lausanne, Uswisi, kwa saratani ya tezi dume, nchi yake ikiwa inakaribia vita. Septemba 1997 akafia Rabat, uhamishoni. Ugonjwa wa mkubwa ukifichwa, uvumi ndio unaotawala. Kikwete aliutaja kwa jina, uvumi ukakosa pa kushika.

KIJANA: Mwalimu, Rais alipelekwa Baltimore. Babu yangu hata Bugando hakufika.

MWALIMU: Hapo umenipata.

KIJANA: Basi tusiseme kilichomzuia ni emoji.

Mama alikuwa kimya muda wote huo. Katika mijadala yetu ya magonjwa ya wanaume wanawake huwekwa pembeni, kana kwamba mwanaume hulala peke yake. Nimempa nafasi ndefu kwa makusudi.

MAMA: Ninyi mnaongelea aibu ya dakika moja kwa daktari. Mimi nina miaka miwili ya usiku. Alianza kutoka mara mbili, ikawa mara tano. Anafungua mlango taratibu, anasimama migombani, harudi. Sitaficha, nilidhani ana mtu. Nikamfuata siku moja, nikamkuta ameegemea mgomba anasubiri mkojo. Nikamwambia twende hospitali. Akasema hawezi kwenda kuinamishwa na kijana mdogo kama mjukuu wake, na maneno hayo hakuyatoa kwake, aliyasoma. Ikafika usiku mkojo ukakataa kabisa. Tumbo chini limevimba, gumu, anatetemeka jasho. Hiyo ndiyo siku aliyobebwa kwa bodaboda katikati yetu wawili, na kila shimo la barabara lilikuwa kilio. Walimwekea mpira, akapata nafuu palepale. Akaambiwa akajiandae kwa upasuaji. Tunajiandaa mpaka leo, tunangoja kahawa.

SISTA: Pole, mama.

MAMA: Nimeshapoa. Sasa sikilizeni. Ibada ameacha, kwa sababu ya ule mfuko wa mkojo. Hata koti refu halimpi imani. Siku moja kwenye kundi la ukoo mtoto wa shemeji yangu akaandika, "Mzee wa mpira hajambo?" na vicheko. Alisahau kwamba mzee mwenyewe yumo kwenye kundi. Mume wangu hakujibu. Alijitoa. Kundi zima likaona maandishi kwamba ameondoka, ndipo simu zikaanza kuita, kuna nini, kuna nini. Alichotaka kuwaficha watu kumi sasa wanakijua watu sitini.

KIJANA: Huyo alikosea. Mimi huwa simtaji mtu.

MAMA: Ngoja. Usidhani nachukia mzaha. Mimi mwenyewe humtania. Asubuhi nikimwaga ule mfuko namwambia, leo ng'ombe ametoa maziwa mengi. Anacheka mpaka anakohoa. Kicheko hicho ndicho kinachomwondoa kitandani. Lakini mimi ndiye ninayemwaga.

Kwa maoni yangu mjadala wote umekaa katika sentensi hiyo ya mwisho. Tunajitetea kwamba sisi ni watu wa utani, na kweli. Bibi humwita mjukuu wake mume wake, shemeji hutaniana mpaka wageni wakashangaa, na makabila yana watani wao. Lakini utani wa Tanzania haukuwahi kuwa bure. Katika jamii nyingi mtani aliyekuita maiti ulipokuwa mzima ndiye aliyefika wa kwanza msibani kwako, akapika, akachimba, akawachekesha wafiwa pale ambapo hakuna mwingine aliyethubutu. Alikuwa na leseni kwa sababu alikuwa na kazi. Anayetuma kichekesho simuni hana kazi yoyote kwa mgonjwa. Hajui ni nani kati ya watu mia mbili wa kundi alitoka nje mara tano usiku wa jana. Akijua, hatamchukua kwa pikipiki.

KIJANA: Mimi nilimchukua. Si mzee wa Mama, ila nimebeba wa namna hiyo, zaidi ya mmoja, usiku, na wengine sikuwadai nauli. Kwa hiyo mimi ninayo leseni?

Swali gumu. Nililitunga mwenyewe na bado linanisumbua. Nadhani anayo kwa wale aliowabeba, wakiwa peke yao, wakitaka kucheka. Hana kwa wasiomjua.

SISTA: Mimi nina ugomvi na kitu kingine kabisa. Saa nane mchana linakuja lile la daktari na mabega. Saa tisa, kundi lilelile, inakuja namba ya simu: dawa ya tezi dume, siku saba, hakuna upasuaji, hakuna kidole, tuma nauli tutakutumia kwa basi. Mzaha unalima, muuzaji anapanda. Mzee aliyeogopeshwa mchana anakuwa mteja jioni. Anatuma fedha ambazo zingemlipia kipimo na nauli ya kwenda na kurudi. Tunalo Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002, na waganga wanapaswa kusajiliwa. Mwulizeni huyo wa siku saba namba yake ya usajili. Ananyamaza, anawatoa kwenye orodha.

MWALIMU: Basi hoja imeshinda.

SISTA: Haijashinda, Mwalimu, samahani. Mama mjamzito ana kadi, ana siku yake ya kliniki, akikosa anaulizwa. Mtoto ana siku ya kupimwa uzito. Mwanaume wa miaka 55 ana siku gani? Anakuja kwetu akiwa ameumia jembe au ana malaria. Hakuna anayemuuliza anaamka mara ngapi usiku. Nikiwahesabu wanaume niliowaona wakikataa kupimwa tezi, na wale ambao hawakuulizwa kabisa, wa pili ni wengi mno. Tukisema wanaume wanaogopa kidole, tunajisaidia sisi wenyewe tulioajiriwa. Lawama inaenda kwa mgonjwa na kwa wachekeshaji, na hakuna anayeuliza kwa nini isisafiri damu ya mtu wa Ihanda badala ya mtu mwenyewe.

Ni kauli nzito kutoka kwa mtu wa ndani, na naiafiki. Saratani ya tezi dume ndiyo inayoongoza kati ya saratani za wanaume wa Tanzania katika makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani. Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, wamekuwa wakisema kwa miaka kwamba wagonjwa wao wengi hufika wamechelewa. Kuchelewa huko kuna nauli ndani yake, kuna msimu wa kahawa, kuna kitendanishi, na kuna mtoto wa shemeji kwenye kundi la ukoo. Anayechagua kimoja na kukiita chanzo anatafuta njia fupi.

KIJANA: Kwa hiyo nitume au nisitume?

MWALIMU: Ukituma, tuma na mahali pa kupimia.

KIJANA: Hakitachekesha.

MAMA: Jaribu. Januari ya mwaka 2024 Mfalme wa Uingereza, Charles, alisema wazi anakwenda kutibiwa tezi iliyotanuka. Binti yangu alinisomea kwamba watu huko walifurika kwenye ukurasa wa serikali unaoeleza ugonjwa huo, mara nyingi kuliko siku za kawaida. Mfalme, waitu! Nilimwambia mume wangu, mwenzako wa migombani ni huyo hapa. Alicheka, kisha akauliza, "Na yeye anaamka mara ngapi?"

Sasa hukumu, kwa kuwa anayeitisha mjadala hapaswi kujificha nyuma ya wasemaji wake. Hoja kama ilivyoletwa naikataa: mzaha peke yake hauui, na kimya cha zamani kiliua bila msaada wake. Lakini mzaha unaomtaja mtu aliye hai, kwa jina au kwa mfuko wake, ni unyama, na katika kundi la ukoo ni unyama mara mbili. Mwenye kundi aufute na amwambie aliyeutuma, hadharani, kwa nini ameufuta. Ule wa daktari na mabega nao nimeuchoka, maana unamfanya kila tabibu mbakaji, wakati mgonjwa ana njia nyepesi ya kujilinda ambayo kichekesho hakiitaji: aombe mhudumu wa kiume, na aombe mtu wake abaki chumbani.

Halmashauri ya Karagwe na ya Kyerwa, na hospitali za makanisa zilizotuhudumia kwa miaka mingi, nawaomba jambo moja. Tengeni siku ya wanaume, ya mara kwa mara, kwenye gulio ambako wapo tayari, mchukue damu na muulize lile swali la usiku. Mtaona kama kweli wanaogopa.

Nawe msomaji, ukiwa na miaka 50, au 45 kama baba yako au ndugu yako wa kiume aliugua saratani ya tezi dume, usisubiri dalili. Ukifika dirishani usiseme presha. Sema tezi dume. Waambie umekuja kuuliza habari za PSA, waeleze kama umekuwa na maambukizi ya mkojo hivi karibuni, na kaa mbali na mwenzako siku mbili kabla ya kutolewa damu. Mkojo ukikataa kabisa usiku, usingoje kukuche na usinywe dawa ya kuchemsha: tafuta pikipiki.